Kama Tungelala Karanga

Masika yakianza, kazi mlimani hupungua, na wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, hushuka Moshi kuhangaikia mambo mengine. Mwaka ule kundi lao liliomba chumba cha nyuma cha kanisa, wakanitafuta niwafundishe Kiingereza jioni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, sina kazi. Wao walitaka siku moja wawe waongozaji, na mwongozaji hawezi kuishia kwenye "pole pole" na "hakuna matata".

Msamiati wa mlimani walinizidi. Kilichowakwaza ni nyakati. Kwetu mtu akisema "nimemwona jana" hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza ukishataja "yesterday", "have seen" haina nafasi, ni "saw" tu. Hilo walilikubali shingo upande. Tulipofika kwenye sentensi za "if", darasa liligoma. Niliandika ubaoni "If he drank water, he would feel better", mpishi mmoja akauliza: "Mwalimu, 'drank' si ya jana? Sasa huyu mtu anakunywa lini?"

Nikamwambia hapo "drank" haina habari na jana. Inaonyesha tu kwamba jambo lenyewe halipo, au msemaji halitarajii. Ni -nge- yetu: angekunywa maji, angejisikia vizuri. Kwa yaliyokwisha kupita ni "had drunk" na "would have felt", mahali pa -ngali-. Lakini mitaani -nge- na -ngali- tunazichanganya bila kugombana na mtu, kwa hiyo ulinganisho wangu ulisaidia nusu tu.

Ndipo kaka mmoja wa Kibosho, ambaye kwa kawaida alikaa kimya karibu na mlango, akatoa simu. Mama mmoja wa Kiholanzi aliyepanda naye msimu uliopita alikuwa amemwandikia. Mumewe aligeuzwa usiku wa kilele, juu kidogo ya kambi ya Barafu, kichwa kinamuuma na anatapika. Mama akafika kileleni Uhuru bila yeye. Sasa aliuliza: "If we had gone slower, would he have reached the top?" Kaka alishaandaa jibu: "If he go slowly, he will reach." Alitaka nimsahihishie.

Nikageuza "go" kuwa "goes", nikamwambia sarufi imekaa sawa ila swali halijajibiwa. Mama anauliza ya mwaka jana, wewe unamjibu ya kesho.

"Ndiyo, mwalimu. Namjibu ya kesho. Ya jana hayamlipi mtu."

Darasa zima likaingilia. Walijua kilichotokea bila kusimuliwa, kwa sababu njia wanaijua. Njia ya Machame hupandwa kwa siku sita au saba. Wa siku saba hulala kambi ya Karanga, karibu mita 4,000, mwili uzoee mwinuko, na kesho yake ndipo huenda Barafu, zaidi ya mita 4,600. Wa siku sita hutoka kambi ya Barranco mpaka Barafu kwa siku moja, hula, husinzia kidogo, na karibu na usiku wa manane huamshwa kukitafuta kilele cha mita 5,895. Mama na mumewe walikuwa wa siku sita.

Kijana mmoja akaja ubaoni, akaandika: "If you had chosen seven days, he would have reached." Kisarufi haina doa. Mpishi akataka ifutwe pale pale. "Hiyo ni kumwambia mama kamponza mumewe!" Alikuwa na hoja: "you" ikikaa na "had chosen" ni kidole cha lawama, tena kwa jambo lisilorekebishika. Tukaweka "If we had slept at Karanga". Lawama ikagawanywa kwa wote waliokuwa mlimani, wapishi wakiwemo. "Would have reached" nayo ikapingwa, maana hata wa siku nane wapo wanaogeuzwa. Nikawapa "might have". Waliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuwafundisha, wakawa wanaichomeka hata pasipostahili.

Kaka bado alitaka kesho yake, nami sikuona sababu ya kumnyima. Akaandika "If he will come back". Kosa hilo linazaliwa na "kama atakuja". Ukianza na "akija" huoni -ta- yoyote, na Kiingereza nacho hakiweki "will" upande huo: "If he comes back and we take seven days, I will walk with him myself." Kijana akapendekeza "came" na "would", eti ina adabu zaidi. Kaka akatikisa kichwa. Hiyo ni ya mtu asiyetarajiwa, akasema, na yeye anamtarajia.

Tulikuwa tunafunga madaftari mpishi alipotunga yake: "If we had slept at Karanga, he would have a certificate today." Nilikuwa sijawafundisha mchanganyiko huo, mwaka jana upande mmoja na leo upande wa pili. Nikaiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Wanaoishia Stella, ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru, nao hupewa cheti cha kupanda mlima, lakini mume wa mama hakufika hata Stella. Mpishi alitaka sentensi yake iingie kwenye ujumbe. Kaka akakataa katakata, akatuma zile mbili, na wawili hao wakatoka nje bado wanabishana.