Mate, Damu na Nusu Saa ya Kukimbia

Kwa muda mrefu niliamini kwamba damu ndiyo husema ukweli, na kwamba mate hutumika tu pale mtu anapoogopa sindano. Imani hiyo ilianza kulegea siku nilipojitolea kuwa mtu wa kwanza kupimwa katika maabara ya fiziolojia ya mazoezi nilikokuwa nikisoma. Nilitakiwa kukimbia nusu saa juu ya mashine, huku nikitolewa damu na mate kwa zamu, ili tupime kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa zaidi unapokuwa katika msongo.

Kotisoli hutolewa na tezi zilizo juu ya figo, kwa amri inayoanzia kwenye ubongo. Ikishaingia katika damu, takribani asilimia 90 au zaidi hubebwa na protini, hasa ile iitwayo transkotini, na ni sehemu ndogo iliyobaki huru ndiyo inayoweza kupenya kwenye seli na kufanya kazi. Kipimo cha kawaida cha damu huhesabu yote kwa jumla, ilhali inayofika kwenye mate ni ile iliyo huru. Ndiyo maana mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ambayo huongeza transkotini, anaweza kuonekana ana kotisoli nyingi mno katika damu ilhali mate yake hayaonyeshi ongezeko kama hilo.

Mazoezi makali huzidisha tofauti hiyo. Transkotini ina viti vyake vya kuhesabika, kama daladala. Vikishajaa, kila kotisoli inayoongezeka hubaki huru, na hivyo kiwango cha kwenye mate huweza kupanda kwa uwiano mkubwa kuliko cha kwenye damu. Isitoshe, mkimbiaji hutoka jasho na maji ya damu yake huhamia kwenye misuli, damu ikawa nzito, na namba ikapanda hata kama tezi haijaongeza chochote. Watafiti Dill na Costill walitoa mwaka 1974 njia ya kukadiria badiliko hilo kwa kutumia hemoglobini na hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, na mimi humtilia shaka kila anayeripoti homoni za damu wakati wa mazoezi bila kueleza kama alilizingatia. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2008, wanaume 12 walifanya mazoezi kwa dakika 30 kwa viwango tofauti vya ukali. Katika asilimia 60 na 80 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni, kotisoli ilipanda. Katika asilimia 40, baada ya kurekebisha ujazo wa plazima (maji ya damu) na mabadiliko ya kawaida ya saa za siku, ilionekana kushuka.

Adrenalini, homoni nyingine ya msongo, ni habari nyingine kabisa. Hudumu katika damu kwa dakika chache tu, na kichupa chake hakina budi kuwekwa kwenye barafu papo hapo. Mate hayaiakisi vizuri.

Jaribio langu la kwanza liliharibika, na kosa lilikuwa la kwangu na la msimamizi kwa pamoja. Nilikuwa nimepiga mswaki muda mfupi kabla, fizi zikatoka damu, na mate yakawa na rangi ya waridi; kwa kuwa kotisoli ya damu ni nyingi kuliko ya mate mara kadhaa, sampuli ile ilitupwa. Naye msimamizi alianza kuchukua sampuli punde tu baada ya kunichoma kanula, mrija mwembamba unaoachwa kwenye mshipa, na matokeo yake kipimo cha kabla sijapiga hatua hata moja kilikuwa juu kuliko cha dakika ya kumi ya kukimbia. Tulikuwa tumepima hofu ya sindano.

Mara ya pili niliachwa nimeketi nusu saa kabla ya kitu chochote, alasiri, kwa kuwa asubuhi kotisoli huwa inashuka yenyewe kutoka kilele chake cha baada ya kuamka. Nilipomaliza kukimbia, damu ilijaa kichupa kwa sekunde chache. Mate yalikataa. Kinywa kilikuwa kikavu, kilichoteremka kwenye mrija kilikuwa povu tupu, na povu halihesabiwi. Kuufikia mstari wa mililita moja kulinichukua dakika nne. Kotisoli huendelea kupanda hata baada ya mtu kuacha kukimbia, kwa hiyo mate ya mwanzo wa kichupa na ya mwisho wake hayakuwa ya wakati mmoja. Kwenye kichupa cha damu tuliandika wakati mmoja tu. Kwenye cha mate tuliandika nyakati mbili, wa kuanza na wa kumaliza.