Suruali fupi si ushahidi

Kwenye daladala za Mbagala kuna utani uliozoeleka mpaka anayeutoa hausikii tena. Anapanda kijana mwenye ndevu, kanzu na begi mgongoni, na mtu anapaza sauti: "Shehe, humo ndani hamna cha kulipuka?" Gari zima linacheka. Kijana naye anacheka, maana asipocheka ataonekana ana jambo.

Kilichosomwa hapo ni mavazi, na mavazi yana maelezo yake. Kanzu ni vazi la pwani kabla ya kuwa vazi la mtu yeyote mwenye siasa, na huko Uganda hata bwana harusi Mkristo huivaa. Suruali inayoishia juu ya kifundo cha mguu inatokana na hadithi za Mtume zinazokataza kuburuza nguo. Wanazuoni wamehitilafiana: wapo wanaosema katazo ni kwa anayefanya kwa kiburi, wapo wanaosema ni kwa kila nguo inayopita kifundo. Watu wa Answar Sunna, kundi la Waislamu wanaoshika sana mwenendo wa Mtume, wameshika rai ya pili, ndiyo maana suruali zao zinawatambulisha. Ule weusi kwenye paji la uso ni wa kusujudu. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, kila rakaa ina sijida mbili, kwa hiyo paji linagusa mkeka mara 34 kwa siku kabla hujahesabu swala za sunna, zile za hiari. Na mwanamke wa nikabu, anayeitwa "ninja" akipita Kariakoo, amefuata rai ya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, kuhusu kufunika uso. Huwezi kutoka kwenye lolote kati ya haya ukafika kwenye bomu.

"Allahu Akbar" nayo imebebeshwa mzigo usio wake. Mtu anaona video fupi, anasikia takbira, yaani maneno hayo, anaandika "magaidi" na kuisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Tuhesabu. Swala ya rakaa mbili ina takbira 11, ya rakaa tatu 17, ya rakaa nne 22. Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha zikijumlishwa ni takbira 94 kila siku, na adhana tano zinaongeza 30. Neno linalosemwa namna hiyo na bibi wa Temeke, mwanafunzi wa chuo na fundi baiskeli haliwezi kuwa alama ya kumtambua muuaji, hata kama muuaji naye analitamka.

Wanaoteseka zaidi na usomaji huu wa juu juu ni watu wa Tabligh. Wanafika msikitini, wanaume wanane au kumi wasiojulikana mtaani, wenye mikeka iliyokunjwa, mablanketi, sufuria na jiko. Wanalala msikitini siku tatu na kujipikia wenyewe. Baada ya swala, mara nyingi Alasiri, wanatoka wachache wachache kugonga milango na kuwaalika Waislamu waje kuswali. Majirani wasiojua wanaona wageni wenye ndevu wamepiga kambi. Ukweli ni kwamba ni harakati iliyoanza India miaka ya 1920, yenye ratiba inayojulikana: siku tatu kwa mwezi, siku 40 kwa mwaka, miezi minne angalau mara moja katika maisha. Mwiko wao mkubwa wanapokuwa safarini ni kuzungumzia siasa na masuala ya hitilafu. Mwenye shaka na amwendee imamu wa msikiti aulize amiri wao, yaani kiongozi wa msafara, ni nani na wametokea wapi. Ataelezwa, na huenda akakaribishwa wali.

Hatari ipo, na anayesema haipo anawadanganya wenzake. Ila inaonekana kwingine kabisa. Kiini chake kinaitwa takfiri: kumtangaza Muislamu mwenzako kuwa kafiri, kisha kuhalalisha damu yake. Ni maradhi ya zamani. Khawariji, kundi lililojitenga mapema katika Uislamu na kumuua Khalifa Ali mwaka 661, walianzia hapo hapo, na aliyeuawa alikuwa mkwe wa Mtume. Kwa hiyo dalili ya kuangalia si kijana kuanza kwenda msikitini. Ni kijana kuacha kuswali nyuma ya imamu wa mtaa kwa sababu "si Muislamu", kumwita baba yake kafiri, kukatana na ndugu, kuwa na mwalimu asiyetajika jina, kisha kutaka kusafiri bila maelezo. Hayo ni matendo, na hayahitaji ndevu.

Tazama Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Kabla ya shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, kundi lililoshambulia lilikuwa limeshajitenga na misikiti ya wenyeji na kugombana nayo, na viongozi wa Kiislamu wa huko ndio waliotangulia kulalamika kwa serikali. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2020, damu ilimwagika upande wetu, Kitaya mkoani Mtwara. Kule Cabo Delgado waliotoa tahadhari mapema ni masheikh. Lakini sheikh atatoa tahadhari kama anaamini ataulizwa kuhusu mtu mmoja. Akijua kwamba akitaja jina la kijana mmoja madrasa nzima itavamiwa, watoto watahojiwa na mtaa utapewa jina baya, atanyamaza. Hapo ndipo ubaguzi unapomficha mhalifu.

Hapa Dar, Agosti 25, 2021, mtu mwenye bunduki aliua askari polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa. Mitandaoni watu walikuwa wanachambua jina lake na asili yake siku ile ile. Polisi walipotoa taarifa ya uchunguzi baadaye walimwita gaidi, na wakasema mafunzo yake aliyapata mitandaoni. Walichokitaja ni alichokuwa anajifunza huko.

Kwa upande wa Waislamu, jibu la "hao si Waislamu" halitoshi, na kwa kweli linafanana mno na takfiri yenyewe. Wanaoua wananukuu aya, basi wajibiwe kwa aya. Ile ya 5 ya Sura At-Tawba hukatwa ikasimama peke yake. Isomeshwe pamoja na ya 4, inayowatoa waliotimiza mkataba, na ya 6, inayoamrisha mshirikina akiomba ulinzi alindwe kisha afikishwe mahali pa amani. Aya tatu zinazofuatana, dakika tano za darsa baada ya Magharibi.

Kwa wanaoandika habari, kazi ni ndogo lakini inataka nidhamu. Mtuhumiwa, mshtakiwa na aliyetiwa hatiani ni watu watatu tofauti, na Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, na Juni 2021 mashtaka yakafutwa. Aliyekuwa akiwaandika "magaidi" muda wote huo aliandika kitu ambacho hakuna mahakama iliyokithibitisha. Kisha kuna kipimo cha kichwa cha habari: ukiandika "Muislamu akamatwa na silaha", weka "Mlutheri" mahali pake. Kama sasa linasikika vibaya, dini haikuwa na kazi pale. Andika "mkazi wa" na jina la kata.

Na wanaopenda kuitaja Agosti 7, 1998 kama siku ambayo "Waislamu" walilipua ubalozi wa Marekani hapa Dar, wasome orodha ya waliokufa. Ni watu 11. Hakuna Mmarekani hata mmoja. Walinzi wa getini wamo, wafanyakazi wamo, na majina ya Kiislamu ni mengi.