Nilivyomwaga Matandazo Mekundu Pittsburgh

Kiingereza nilifundishwa Tanga na walimu wakali, basi nikatua Pittsburgh, Marekani, kifua mbele. Aprili, theluji imeshayeyuka, bibi jirani akaniita kwenye uzio: ua wangu niu-"redd up" kabla ya Pasaka. Mimi nikasikia "red". Nyekundu! Na kweli, nyumba kadhaa mtaani zilikuwa na matandazo mekundu kuzunguka miti, yale ya vipande vya mbao vilivyotiwa rangi. Nikajua hiyo ndiyo mila yao baridi ikiisha. Nikanunua mifuko 10, dola 40 na ushei, nikaimwaga yote: juu ya majani makavu, juu ya matawi yaliyovunjika, juu ya kandambili ya mwanangu iliyopotea tangu Oktoba. Picha nikatuma nyumbani, nikasifiwa.

Bibi alipotoka alicheka mpaka akashikilia uzio. Kumbe "redd up" ni kufanya usafi, neno waliloachiwa na wahamiaji wa zamani wenye asili ya Uskoti. Jumamosi nzima nikafukua nilichofukia. Mtu akikwambia hapo reki ya kawaida inatosha, usimsikilize. Nenda na ile ya meno mapana.

Tangu hapo nasikiliza kwa makini. Miiba wanaiita "jaggers". Mdadisi wa mambo ya watu ni "nebby". Na wana "yinz", yaani ninyi, kitu ambacho Kiingereza cha darasani hakina. Mswahili hilo halimsumbui hata kidogo.

Nyanya ndizo zilizoniudhi. Rafiki yangu wa Houston alinihakikishia, "Machi imeingia, panda tu, unasubiri nini?" Kwake Texas sawa. Nikangoja mpaka Aprili nikijiona mwangalifu, nikapanda miche 12. Usiku mmoja wa jalidi, asubuhi yote imelala, myeusi tii kama mchicha uliochemshwa ukasahauliwa. Bibi akasema huku nyanya hazitoki nje kabla ya Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Mimi na ubishi wangu nikapanda tena wiki moja kabla, ila safari hii nilikata vitako vya madumu ya plastiki ya maziwa, nikafunika kila mche. Mchana nafungua kifuniko upumue, jioni nafunga. Haukufa hata mmoja.

Juzi huyo wa Houston kapiga simu kuuliza nyanya zimefikia wapi. Nikamwambia aache kuwa nebby.