Usiangalie chini ya ardhi tu: msaada wa mataifa tajiri ukitazamwa kutoka Kilindini

Kwenye mabaraza ya Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Likoni, kuna hoja moja inayorudiwa kila siku: wakubwa wa dunia hawatoi senti wala hawapeleki askari mahali pasipo na mafuta au madini. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini ukiitegemea peke yake utazikosea nchi nyingi, na wa kwanza kuukosea utakuwa ni mji huu wenyewe. Mombasa haina kisima cha mafuta wala mgodi wa dhahabu, na bado baadhi ya mikopo na misaada mikubwa zaidi iliyopata kuingia Kenya imetua hapa. Kilichoivuta ni kina cha maji ya bandari ya Kilindini, na barabara na reli zinazotoka hapo kuelekea Uganda, Rwanda na Kongo.

Chukua mwaka 1980. Mwezi Januari Rais Carter alitangaza kwamba Marekani ingetumia hata nguvu za kijeshi kuilinda Ghuba ya Uajemi. Mwaka huo huo Marekani ikafunga mikataba na Oman, Somalia na Kenya ili itumie bandari zao na viwanja vyao vya ndege. Kwa fedha za Marekani, lango la Kilindini likachimbwa ili meli kubwa za kubebea ndege za kivita ziweze kuingia. Mafuta yaliyokuwa yakilindwa yalikuwa ya Waarabu na Waajemi, lakini msaada ulikuja kwa Mkenya kwa kuwa ndiye mwenye gati. Haki za raia zilivunjwa muongo ule wote na fedha zikaendelea kuja. Ni hadi Novemba 1991, Umoja wa Kisovieti ukiwa unasambaratika, ndipo wafadhili waliokutana Paris walipousimamisha msaada mpya. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa na vyama vingi vikarudi. Sidharau waliopigania mageuzi, wao ndio waliolipa kwa damu. Ninachosema ni kwamba thamani ya bandari yetu kwa mfadhili ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo masikio yake yalipozibuka.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa takwimu. Mwaka 2000 Alberto Alesina na David Dollar walilinganisha misaada ya mataifa tajiri wakakuta kwamba ukoloni wa zamani na urafiki wa kisiasa, ukipimwa kwa kura za Umoja wa Mataifa, vinaeleza nani anapewa kuliko umaskini wa anayepewa. Nchi za Skandinavia zilikuwa tofauti, zikiwaangalia maskini zaidi. Mwaka 2006 Ilyana Kuziemko na Eric Werker wakaonyesha kwamba nchi ikiingia kwenye kiti cha muda cha Baraza la Usalama, msaada wa Marekani kwake hupanda kwa wastani wa asilimia 59, na hushuka kiti kikiisha. Kura pia ni mali, ingawa haichimbwi.

Kwa Uchina, timu ya Axel Dreher na wenzake ilitenganisha mafungu mawili ambayo watu huyachanganya. Msaada halisi, yaani zawadi na mikopo nafuu, unafuata siasa: nani anaiunga mkono Beijing, nani anaitambua Taiwan. Mikopo ya kibiashara ndiyo inayofuata maslahi ya kiuchumi. Kwa hiyo mtu akikwambia "Uchina inatoa msaada kwa ajili ya madini," muulize kwanza ni fungu lipi.

Upande wa kupeleka askari, wale wa barazani wana hoja nzito zaidi. Utafiti wa Vincenzo Bove na wenzake kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe ulikuta kwamba mataifa ya nje huingilia zaidi pale nchi yenye vita inapokuwa na mafuta mengi na mwingiliaji anapoyahitaji. Na hatuhitaji kwenda mbali kuona mfano. Cabo Delgado, kwa ndugu zetu wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, uasi ulianza Oktoba 2017. Vijiji vikateketea miaka mitatu na zaidi. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, jirani kabisa na mradi wa gesi wa TotalEnergies. Aprili kampuni ikasimamisha kazi. Julai wanajeshi wa Rwanda wakawasili, na Umoja wa Ulaya ukaja kuwachangia Warwanda euro milioni 20, kisha nyingine milioni 20. Gesi haikuanzisha mateso ya watu wale, ila ilichangia sana kuamua lini dunia ingeyaona.

Lakini Somalia inatia tope hoja hiyo. Agosti 1992 ndege za Marekani zilianza kubeba chakula kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa kwenda kwa Wasomali wenye njaa, na Desemba wakafuata wanajeshi. Wakati huo kampuni 4 za Marekani, Conoco, Amoco, Chevron na Phillips, zilikuwa na vibali vya kutafuta mafuta Somalia, na ofisi ya Conoco mjini Mogadishu ndiyo iliyotumiwa na mjumbe wa Marekani. Ushahidi kamili, mtu atasema. Ila baada ya askari wao 18 kuuawa katika mapigano ya Oktoba 1993, Marekani iliondoka kufikia Machi 1994, na mafuta hayakuchimbwa. Mwezi uliofuata yakaanza mauaji ya Rwanda, nchi isiyo na mafuta, na hakuna aliyekuja kwa wakati kuyazuia. Wengi husema Rwanda iliachwa kwa kukosa rasilimali. Mimi naona jeraha la Mogadishu lilichangia zaidi.

Hivyo, badala ya kukisia nia ya mfadhili, ambayo hatutaiona kamwe, afadhali kusoma karatasi. Maslahi huandikwa mkatabani, na mahali pa kuyatafuta ni panne: bei ya fedha, nani anapewa kazi, nini kimewekwa dhamana, na kesi itasikilizwa wapi.

Bei ya fedha kwanza. Nchi wafadhili za OECD, yaani jumuiya ya kiuchumi ya mataifa tajiri, hupima "sehemu ya zawadi" ndani ya mkopo. Kwa nchi ya kipato cha kati cha chini kama Kenya, malipo yote ya baadaye hupunguzwa kwa asilimia 7 kwa kila mwaka wa kusubiri, kisha jumla yake hulinganishwa na fedha zilizopokelewa. Kilichopungua ndicho zawadi. Ikifika asilimia 15, mkopo unaruhusiwa kuitwa msaada. Kituo cha pili cha makontena, pale Kipevu, kilijengwa kwa mkopo wa Japani wa mwaka 2007: yeni bilioni 26.7, riba ya asilimia 0.2, miaka 40, na miaka 10 ya mwanzo bila kulipa mtaji. Ukipiga hesabu, sehemu ya zawadi ni kama 77 katika kila 100.

Reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilikopewa kwa mafungu mawili kutoka benki ya Exim ya Uchina mwaka 2014. Fungu nafuu, dola bilioni 1.6, lilikuwa la riba ya asilimia 2 kwa miaka 20, na miaka 7 ya mwanzo bila mtaji: zawadi ni kama 43 katika 100. Fungu la kibiashara, karibu dola bilioni 1.63, lilikuwa la miaka 15, na riba yake ni LIBOR ya miezi 6, yaani riba ya soko la London inayopanda na kushuka, kuongeza asilimia 3.6. Hapa ndipo watu waliponaswa. LIBOR ilipokuwa chini ya asilimia 1, riba ilikuwa kama 4, na kwa hesabu ileile zawadi ni kama 21. Mwanzoni mwa 2023 LIBOR ilivuka 5, riba ikakaribia 9. Mkopo ambao ungekuwa na riba hiyo tangu siku ya kwanza hauna zawadi hata chembe. Mkopaji anarudisha thamani ya kama 114 kwa kila 100. Riba inayoelea ikisainiwa wakati viwango viko chini huonekana rahisi, na waliosaini walitazama bei ya siku ile tu.

Halafu ununuzi. Mkopo wa Kipevu ulikuwa wa utaratibu ambao mkandarasi mkuu lazima awe wa Japani na angalau asilimia 30 ya thamani ya mkataba itumike kununua bidhaa na huduma za Japani. Toyo Construction ndiyo iliyojenga. Kwa SGR, mkandarasi alikuwa China Road and Bridge, na mkataba ukataka bidhaa za Uchina zitangulizwe. Makadirio ya OECD ni kwamba kumfunga mkopaji namna hii huongeza gharama kwa asilimia 15 hadi 30. Kwa hiyo ile 77 ya Japani ipunguze kabla hujashangilia. Bado ni mkopo mzuri, nadhani, kwa kuwa gati lipo na meli zinafunga.

Chakula cha msaada kinafuata mkondo huohuo. Sheria ya Marekani inataka angalau nusu ya chakula chake cha msaada kisafirishwe kwa meli zenye bendera ya Marekani. Mwaka 2009 wakaguzi wa bunge lao wenyewe waliripoti kwamba chakula kilichonunuliwa ndani ya Afrika kusini mwa Sahara kiligharimu asilimia 34 pungufu, na kwamba kununua katika nchi husika kulichukua wastani wa siku 35 ilhali cha kutoka nje kilichukua siku 147. Mtoto wa Turkana hawezi kungoja siku 147. Katika sheria hiyo ya meli hakuna suala la mafuta wala madini. Wanaofaidi ni wakulima na wenye meli wa upande wa pili.

Dhamana ndiyo iliyoiumiza Mombasa moja kwa moja. Ili benki iwe na hakika ya kulipwa, Halmashauri ya Bandari ilifungwa na mkataba wa "leta mzigo au lipa": kiwango maalumu cha shehena kipite relini, na kikipungua bandari ifidie. Tangu 2013 kulikuwa pia na tozo ya reli, mwanzoni ya asilimia 1.5, juu ya bidhaa zinazoingia nchini, inayolipwa na kila anayenunua kitu dukani. Mzigo ulipokosa kutosha, mwaka 2019 serikali iliamuru makontena yapande treni hadi Nairobi. Matrela yakasimama, yadi za makontena zikakauka, na hoteli za njiani kutoka Miritini hadi Voi zikafa pole pole. Mahakama Kuu ilibatilisha amri hizo Novemba 2020, lakini ziliondolewa kwa vitendo Septemba 2022 tu. Kifungu ambacho mwananchi hakukiona kilimnyang'anya riziki.

Na kesi? Mikataba ya SGR inafuata sheria za Uchina, na mgogoro unaamuliwa Beijing. Vilevile ilikuwa na kifungu cha siri, na ndiyo sababu tulikaa miaka minane bila kuisoma hadi sehemu yake ilipotolewa Novemba 2022.

Haya yote yanahusu siku zijazo zaidi ya zilizopita, kwa sababu siku hizi rasilimali inatajwa waziwazi. Tarehe 30 Aprili 2025 Marekani na Ukraine zilisaini mkataba wa mfuko wa ujenzi unaofungamana na madini. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa tayari limevunjwavunjwa, na likafungwa rasmi Julai mwaka huo. Sisi nasi tuna Mrima, kule Kwale, kilima chenye niobiamu na madini adimu ambayo kila kiwanda cha sumaku na silaha kinayatafuta. Kilima hicho ni msitu wa hifadhi na pia kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Leseni ya kampuni ya Cortec ilifutwa 2013, na mwaka 2018 baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kesi za wawekezaji, likaipa Kenya ushindi kwa kuwa leseni ilipatikana bila tathmini ya mazingira. Tulishinda kwa sababu ya karatasi ambayo kampuni haikuwa nayo.

Siku kitakapokuja kituo cha afya, barabara au chuo Kwale kikiambatana na mkataba wa Mrima, ulizeni yale manne kabla ya kupiga makofi, na ulizeni kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Barua iandikwe kwa afisa mkuu wa taasisi husika, itaje jina la mradi, mkopeshaji na mwaka, na iombe nakala ya mkataba pamoja na viambatisho, maana masharti ya dhamana mara nyingi hukaa kwenye viambatisho. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza au wakikataa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, halafu mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya hapa Mombasa iliamuru mikataba ya SGR itolewe, baada ya wanaharakati kuiomba kwa maandishi kisha kwenda mahakamani.