Skrubu za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipotolewa vyuma vilivyokuwa mguuni mwake tangu ajali ya bodaboda iliyomkuta Barabara ya Kilwa, alirudi nyumbani Mbagala na kichupa chenye bamba moja na skrubu saba, zote zikiwa na rangi ya dhahabu. Mama alizigeuzageuza juani, kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa kemia katika familia, kama rangi hiyo ilikuwa ikichujuka na kuingia katika damu ya mwanawe kwa muda wote ule. Nilimjibu kwamba hakuna rangi yoyote iliyopakwa, naye akanitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe.

Skrubu hizo ni za titani, metali ambayo ikigusa hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, wenye unene wa nanomita (bilioni moja ya mita) chache tu, ilhali unywele mmoja una makumi ya maelfu ya nanomita. Sisi wa pwani tumezoea kutu inayobabuka na kuyala mabati hadi yatoboke, lakini oksidi ya titani hung'ang'ania metali yake na kuikinga, na ikikwaruzwa hujiunda upya. Kiwandani utando huo hunenepeshwa kwa umeme: kipande huunganishwa na ncha chanya ndani ya kimiminika kinachopitisha umeme, na kila volti huongeza takriban nanomita 2 za oksidi. Mwanga unaoakisiwa juu ya utando hukutana na ule unaoakisiwa chini yake, na rangi huzaliwa hapo, kama kwenye mafuta yaliyoelea katika dimbwi la barabarani baada ya mvua.

Kwa kuwa maneno hayakutosha, nilichukua skrubu moja, nikaiunganisha na betri tatu za volti 9 zilizofuatana, nikaitumbukiza katika soda nyeusi, ambayo ina asidi ya fosfori, pamoja na kijiko kilichofungwa kwenye ncha hasi. Kadiri utando ulivyonenepa, dhahabu iligeuka zambarau, kisha buluu. Mama alisema sasa ndiyo anaogopa zaidi.

Jambo nililotaka alielewe ni kwamba mfupa haugusani na titani hata siku moja. Unagusana na oksidi. Msweden Per-Ingvar Brånemark, aliyegundua katika miaka ya 1950 kwamba vifaa vyake vya titani vimeshikamana na mifupa ya sungura kiasi cha kutotoka, na ambaye mwaka 1965 alimwekea binadamu vipandikizi, yaani vifaa vinavyopachikwa mwilini, vya kushikilia meno bandia, alikuwa akiutegemea utando huo. Ndiyo maana kemia ya leo ya vipandikizi inashughulika zaidi na uso wa metali kuliko metali yenyewe.

Njia inayonivutia kuliko zote ilielezwa na Mjapani Tadashi Kokubo na wenzake mwaka 1996, kwa sababu kiungo chake ni kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni. Titani huloweshwa humo kwa saa 24 katika nyuzi joto 60, kisha hupashwa moto hadi nyuzi 600. Uso hubaki na titaneti ya sodiamu, yaani mchanganyiko wa titani, oksijeni na sodiamu. Ukikutana na majimaji ya mwili, sodiamu hutoka na kuacha vikundi vya hidroksili (oksijeni iliyoshikana na hidrojeni), ambavyo huvuta kalsiamu, na kalsiamu huvuta fosfeti, hadi madini yanayofanana na ya mfupa yajijenge yenyewe. Vikundi hivyo hivyo vya hidroksili vinaweza kutumiwa kama ndoano za kufungia silani au asidi za fosfoniki, molekuli za kuunganishia ambazo nazo hubeba vipande vya protini vinavyopendwa na seli. Wapo pia wanaotumia vimiminika vyenye floridi ili oksidi iote kama mirija midogo ya kuhifadhia dawa. Kuhusu madini ya fedha yanayochanganywa ili kuua bakteria, mimi nina wasiwasi: kipimo kikizidi, seli za mfupa nazo hufa.

Lakini si kila kipandikizi kinastahili kushikamana hivyo. Jino bandia linatakiwa likae maisha yote. Skrubu ya mguu uliovunjika huenda ikahitaji kutolewa, na uso wenye vitundu vidogovidogo ambao mfupa umeupenda humpa daktari kazi ngumu. Mdogo wangu aliambiwa kwamba skrubu mbili zilikataa kuzunguka na ilibidi mfupa uchimbwe kidogo kandokando yake. Watafiti wamewahi kupendekeza kwamba skrubu za namna hiyo zisuguliwe ziwe laini, ili mfupa usizing'ang'anie, na mimi nakubaliana nao.

Kichupa kiko kwenye kabati la vyombo, skrubu sita za dhahabu na moja ya buluu, na Mama huwaambia wageni kwamba hiyo ya buluu niliiharibu mimi.