Kumlisha mwanangu bila kupaliwa

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo wake hauongozi misuli vizuri, hata ya kumeza. Mpaka anakaribia miaka 3 nilimlisha kama nilivyoona wakubwa wakifanya: namlaza mapajani, kichwa nyuma, namimina uji. Alikohoa, machozi yakamtoka, uji ukatokea puani. Mlo mmoja ulipita saa nzima na nusu ya bakuli iliishia kwenye kanga. Na nimonia ilikuwa haitutoki. Watu walisema ana kifua kibaya. Mimi pia niliamini.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku kama kula, ndiye wa kwanza kuuliza, "Mama, unamlishaje?" Nikamwonyesha. Hakunikemea. Alinipa kikombe cha maji: "Tazama dari, kisha unywe." Nikapaliwa palepale. Akanieleza kwamba kichwa kikilegea nyuma njia ya hewa hubaki wazi, na kinachoingia huko kinakwenda mapafuni. Nililia sana siku hiyo.

Tukaanza upya. Mtoto akae wima, makalio yafike mwisho wa kiti, miguu ikanyage kitu, kidevu kiiname kidogo. Mimi nikae chini mbele yake, asiinue uso kunitafuta. Kiti maalumu sikuwa na fedha ya kukinunua; kona ya ukuta na kanga zilizoviringishwa zilitufaa miezi ya mwanzo. Kijiko kidogo, kisicho na kina: unakandamiza kidogo katikati ya ulimi, unangoja mdomo ufunge, unakitoa bila kukwangua ufizi wa juu. Kisha unangoja ameze. Hapo ndipo nilipopata tabu, maana nilizoea kuongeza kijiko cha pili kabla cha kwanza hakijashuka.

Uji mwepesi niliuacha. Mtori mzito au parachichi lililopondwa havikimbii kooni, anapata muda wa kuvimudu. (Huyo ni wangu, mtoto wa mwenzangu kliniki alipangiwa vingine kabisa.) Kikombe cha plastiki tulikikata upande wa pua, ili anywe bila kurudisha kichwa nyuma. Akishakula halali mpaka nusu saa ipite.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Akiwa na mafua au amechoka bado hupaliwa, na hapo nasimamisha mlo. Lakini bibi yake, aliyesema namtesa mtoto kwa kumkalisha, juzi nilimsikia akimwambia mgeni aliyeshika kijiko: "Ngoja kwanza, mwanangu. Hajameza."