Nani wa kunishusha ukutani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juzi baada ya mazoezi ya kwaya, binti mmoja anayesomea uuguzi alinivuta pembeni akaniuliza, "Mama, wewe watu wanakuachaje usome?" Nikacheka. Hawaniachi, mwanangu. Nikamwambia akasome Nehemia sura ya tano na ya sita kwa mkupuo mmoja, na ole wake airuke ya tano. Hakunielewa, na mlangoni pale watu walikuwa wanasubiri kufunga kanisa. Basi namjibu hapa. Na wewe uliyeanza jambo lako likakwamia katikati, kaa usikilize.

Kwa msionifahamu: mimi ni fundi cherehani, hapa Mbeya, banda langu si mbali na soko la Mwanjelwa. Nashona sare za shule, sare za kwaya, na hizi nguo za sendoff ambazo kila bibi harusi anataka lasi mpaka kwenye kisigino. Darasa la saba nilimaliza miaka ya tisini, sikuchaguliwa, baba akaninunulia cherehani ya miguu na maisha yakaendelea. Sasa nimerudi. Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, unaompa mtu ambaye hakupitia sekondari ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, nilishapita. Novemba hii, Mungu akipenda, nakaa kwenye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nataka kwenda Morogoro kusomea ualimu wa ufundi stadi, nije nifundishe mabinti kushona. Na huko hawaulizi umeshona miaka mingapi, wanauliza cheti cha kidato cha nne kiko wapi.

Haya, Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani, kazi ya heshima, ya ndani ya jumba. Wanahistoria wengi wanaweka safari yake ya kwenda Yerusalemu, kuujenga upya ukuta wa mji uliobomolewa, mwaka 445 kabla ya Kristo. Wahubiri wanapenda kutuambia kuwa ukuta ulijengwa kwa siku 52, nasi tunapiga makofi. Hawapendi sana kutuambia kwamba kabla ya hapo alikaa kuanzia mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, kama miezi minne, akifunga na kuomba huku bado anampelekea mfalme divai yake kila siku. Wala kwamba alipofika Yerusalemu alitoka usiku na watu wachache, akazunguka akikagua mabomoko bila kumwambia mtu yeyote. Mimi sehemu hiyo ya usiku naipenda kuliko zote. Kabla sijajiandikisha nilikuwa nimeshapitia daftari zote za mwanangu za kidato cha kwanza kimyakimya, nione kama kichwa bado kinashika.

Sasa sura ya sita. Ukuta umekaribia kwisha, malango tu ndiyo hayajatiwa milango. Sanbalati na Geshemu, maadui wa ujenzi huo, wanatuma ujumbe: haya, na tukutane kwenye kijiji kimojawapo katika nchi tambarare ya Ono. Ukisoma haraka unaweza kudhani ni ugomvi. Hapana, ni mwaliko. Tena wa kistaarabu kabisa. Ono iko chini huko, upande wa kuelekea pwani karibu na Lida, si mahali pa kwenda na kurudi siku moja kwa miguu. Jibu la Nehemia ni lile tunaloandika kwenye fulana: "Mimi ninafanya kazi kubwa, hata nisiweze kushuka." Wakatuma mara nne, naye mara nne akawajibu vilevile. Hakutafuta maneno mapya ya kuwaridhisha. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa: mara ya kwanza tunakataa vizuri, mara ya tatu tunaona aibu, ya nne tunaenda.

Ono yangu mimi ni kamati za sherehe. Msinielewe vibaya, sherehe nazipenda na zinanilisha. Lakini mwezi wa saba nilifuatwa niwe mhazini wa kamati ya sendoff. Nilipojaribu kujitetea nikaambiwa, "Da, njoo tu, ni nusu saa." Kikao cha kamati hakijawahi kuwa cha nusu saa tangu nchi hii ipate uhuru. Kwanza mnasubiriana, halafu soda, halafu mjadala wa rangi, halafu kuna mtu ambaye hakuleta mchango lakini ana maoni. Na mhazini ndiye wa mwisho kutoka, anahesabu. Nikasema siwezi. Wakatuma mtu mwingine. Nikasema siwezi. Wakamtuma mtu ninayemheshimu sana, nikampa kiti, nikampa chai, nikamwambia, "Shikamoo mama, nguo ya mwanao nitaishona kwa wakati na itampendeza, lakini kwenye kamati siwezi." Akakunja uso kidogo. Nguo ilikwisha, aliivaa, wakacheza.

Kama ningeishia hapa, hii ingekuwa ile mahubiri ya "funga masikio, songa mbele", na mimi mahubiri hayo yananichosha. Nimeona watu wakiyatumia kuwakimbia mama zao wagonjwa. Ndiyo maana nilimwambia yule binti asiruke sura ya tano.

Katikati ya ujenzi, kabla ya barua za Ono, watu wanakuja kwa Nehemia wakilia. Kuna njaa. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine wamekopa fedha kulipa kodi ya mfalme, na binti zao wameshaanza kuwa watumwa. Na waliowakopesha si wageni, ni ndugu zao Wayahudi. Nehemia hakuwajibu kwamba anafanya kazi kubwa. Alikasirika, akatafakari moyoni, akawakemea wakuu, akaitisha kusanyiko kubwa, akadai warudishe mashamba na nyumba na ile riba waliyokuwa wakitoza. Tena akakiri mbele ya wote kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wamewakopesha watu fedha na nafaka. Halafu akakung'uta vazi lake kuonyesha jinsi Mungu atakavyomkung'uta asiyetimiza ahadi. (Mimi kama fundi kila nikifika hapo najiuliza lile vazi lilikuwa na kitambaa kiasi gani.)

Mtu yuleyule, kazi ileile. Wanaolia njaa ndani ya mji aliwapa nafasi. Wanaomwita kistaarabu nje ya mji aliwaambia siwezi kushuka. Kwa hiyo uvumilivu anaotufundisha si wa kukataa kila anayekuita. Unatakiwa ujue huyu anayekuita anakuitia nini, na ukienda atapona nani.

Mimi nimejiwekea hivi: msiba, naenda. Daftari nafunga, banda nafunga, najifunga kanga. Mwezi wa sita jirani yetu alifiwa na mume ile wiki ambayo nilikuwa nimepanga kumaliza jiografia yote. Tukakaa kwa yule mama, tukapika, tukalala pale kwenye baridi ya Juni ambayo watu wa Dar mnaisikia tu. Jiografia haikuisha. Sikuona kwamba shetani kaniibia muda, na nilimkatalia kabisa dada mmoja wa maombi aliyetaka kunipa pole kwa maneno hayo. Kufarijiana ni kazi, si kikwazo cha kazi. Mtoto akiwa na homa, vilevile. Baba watoto akirudi hajalipwa na uso umemshuka, natua kalamu tuongee. Hao ni watu wa sura ya tano.

Kundi la tatu ndilo gumu, na wengi hawalioni. Ukiendelea na sura ya sita, baada ya Ono kushindikana, anatokea Shemaya. Huyu hana jeshi wala barua. Ana unabii. Anamwambia Nehemia waingie hekaluni wajifungie milango, maana usiku watakuja kumuua. Nehemia akatambua kwamba Mungu hakumtuma, amekodiwa na Sanbalati na Tobia, adui mwenzake, ili amtie hofu. Na anamtaja pia nabii mke aitwaye Noadia, na manabii wengine waliotaka kumwogofya. Kwa hiyo kukatishwa tamaa kunaweza kukujia kwa lugha ya rohoni, na mkono ukiwa umewekwa juu ya kichwa chako.

Mimi niliambiwa na mtu wa kundi moja la maombi kwamba ameonyeshwa msimu wangu wa masomo ulishapita, na kwamba Bwana anataka nitulie na cherehani. Nililia usiku ule. Asubuhi nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo, enzi ambazo Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alikuwa tayari ana wajukuu. Mpaka anazeeka alikuwa akisoma Zaburi kwa kufuatisha kidole, akifika kwenye neno refu anavuta pumzi kwanza. Sasa Mungu aliyemkubalia bibi yangu amekuja kubadilisha utaratibu kwangu? Nilimrudia yule mtu kwa upole nikamwambia asante, nitaendelea. Tunasalimiana vizuri tu.

Kwa yule binti wa uuguzi: mwanangu, najua huna kamati za sendoff. Una makundi ya simu, una rafiki ambaye kila ukifungua kitabu ndipo anapokumbuka matatizo ya mpenzi wake, una shangazi anayesema wauguzi siku hizi hawaajiriwi. Usiwaweke wote kapu moja. Rafiki akiwa ameumizwa kweli, kaa naye. Akiwa anataka tu mtu wa kumpigia soga mpaka saa sita usiku, mwambie una mtihani wa anatomia, na kesho mwambie hivyohivyo. Shangazi mwitikie "ndiyo shangazi" na uendelee kusoma.

Na usisubiri kujisikia vizuri. Kuna siku sijisikii chochote. Sura ya nne inasema watu wa Yuda wenyewe walifika mahali wakalalamika kuwa wachukuzi wamechoka na kifusi bado kingi, na hao ndio waliokuwa wakijenga, si maadui. Nehemia hakuwakemea kwa uchovu wao. Aliwapanga upya, kila jamaa mahali pake, wakaendelea. Na kuna Watekoi katika sura ya tatu, wakubwa wao walikataa kabisa kuinamisha shingo kwenye kazi. Watu wa kawaida wa Tekoa wakajenga sehemu yao, na ukishuka mpaka mstari wa 27 unawakuta tena wanajenga sehemu ya pili. Hakuna mahubiri marefu juu yao. Wapo tu kwenye orodha, mara mbili.

Kwangu kinachoniandama ni hisabati. Mwanangu wa kidato cha tatu ndiye mwalimu wangu. Usiku tukishamaliza kula, tunaondoa vipande vya vitambaa kwenye meza ya kukatia, nachukua chaki ileile ninayochorea pindo, naandika milinganyo miwili juu ya mbao tutafute x na y. Yeye anasimama nyuma yangu kama mkaguzi. "Mama, ukihamisha upande, alama inabadilika." Nafuta kwa kiganja, naandika tena hasi. Anaguna. "Na hii nyingine?" Kuna usiku tulipata x ikawa sawa na sifuri, nikadhani nimekosea, kumbe ndilo jibu. Alicheka mpaka baba yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Asubuhi wateja wanakuta y imebaki kwenye kona ya meza wanadhani ni kipimo cha kiuno.

Biolojia inakwenda, japo majina yote ni ya Kiingereza na mengine yanahitaji mtu avute pumzi kama bibi. Kiswahili sina wasiwasi nacho. Uraia nao si haba. Mniombee hisabati na Kiingereza, kwa kuzitaja hivyohivyo, si "masomo yake kwa ujumla".

Sasa tangazo kwa wateja wangu mnaosoma hapa. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mtihani uishe sipokei oda mpya za sendoff, kitchen party wala sare za kamati, hata ukija na kitambaa kilichokwisha kukatwa. Nimeongea na fundi mwenzangu wa banda la pili, mishono yake ni safi na zipu zake hazikwami, atawapokea. Waliokwisha kutoa malipo ya awali nguo zao zitakuwa tayari kabla ya hapo. Sare za shule za Januari tutaanza Desemba kama kawaida. Nguo za msiba leteni saa yoyote, hata usiku, gongeni mlango wa nyuma.